Mwaka wa Kisima cha Mwanakheri

Nimerudi kutoka Mwanakwerekwe, msibani kwa Yustina, na buibui langu bado liko begani. Nimekaa chumba cha juu, hapa hapa nyumbani kwangu Mkunazini, dirisha wazi, chai imepoa mbele yangu, na jirani wa chini anagombana na paka wake kama ada yake. Kule msibani walinitaka niseme maneno mawili juu ya marehemu, kwa kuwa mimi ndiye shoga yake wa zamani kuliko wote waliokuwapo. Nikasimama, nikafungua mdomo, nikasema alikuwa mtu mkweli, nikakaa. Watu wakadhani nimezidiwa na kilio, wakaniletea maji. Wala sikuzidiwa! Nilikuwa nimeghadhibika. Aliyenitangulia kusema, kijana mmoja aliyefanya naye kazi, amefunga tai na jua lote lile, alimsifu kwa vyeti vyake, kwa safari zake, kwa mikutano aliyohudhuria, na hakutaja kisima hata kwa bahati mbaya. Mtu akifa siku hizi husomewa kama ombi la kazi. Basi nnaandika mimi, kabla na mie sijaanza kusahau.

Nikiukumbuka mwaka ule, hauji kwa mpangilio. Huja vyumba kwanza. Huja chumba cha nyaraka, feni yake ikizunguka kivivu juu, mwanga wa asubuhi umepita kwenye vyuma vya dirisha na kulala sakafuni, na harufu ya karatasi kuukuu iliyochanganyika na karafuu, maana Maalim Sleiman alitia karafuu katika kila mtoto wa meza ili kufukuza wadudu. Maalim Sleiman ndiye aliyekuwa mkubwa wangu. Alisoma hati za zamani, za Kiarabu na za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa kuziinamia mpaka pua ikagusa karatasi, na akifika mahali pazuri alinyoosha kidole juu bila kuinua kichwa, maana yake ninyamaze. Mimi nilikuwa msichana, nimetoka skuli juzi juzi, kazi yangu kunakili alichosoma. Nilikaa upande wa pili wa meza nikimsikiliza, na mara nyingine sauti yake ilinichukua nikawa kama niliyelala macho wazi, nikiwaona wale watu waliokufa zamani wakiuza mashamba, wakioa, wakigombania mipaka ya minazi. Hata leo nikinusa karafuu mahali pasipo chakula, nnanyamaza.

Katika hati zile ilikuwamo moja ambayo mwaka ule kila mtu aliizungumza. Ilikuwa hati ya wakfu ya bibi mmoja, Mwanakheri binti Kombo, wa pwani ya kaskazini, kupita Mkokotoni. Haikuwa siri. Kijiji chenyewe kilikuwa na nakala yake, na wazee wake waliijua kwa moyo. Mwanakheri aliandikisha kwamba kisima chake na kiwanja cha minazi kinachokizunguka ni wakfu wa msikiti uliojengwa hapo karibu, maji yake na nazi zake ni za msikiti na watu wa msikiti, hakiuzwi, hakirithiwi, mpaka dunia itakapokwisha. Kijiji silitaji jina, wenyewe walinikataza zamani na sijapewa ruhusa nyengine. Mwaka ule hoteli ndio kwanza zilikuwa zinaanza kuota pwani, na kiwanja kile kilikuwa kizuri mno, mchanga mweupe, minazi, upepo. Ofisi moja mjini ikasema: wakfu wa msikiti, naam, lakini msikiti wenyewe uko wapi? Pale pana kisima, pana kichaka, basi. Kama msikiti hauonekani, hati hiyo ni ya mahali pengine, na kiwanja kitapewa anayekitaka. Na kisima kile, yakhe, ndicho pekee chenye maji matamu pande zile. Visima vingine vyote vya kijiji vilikuwa na chumvi, huwezi kupikia hata muhogo.

Hapo ndipo alipoingia Yustina. Alikuwa mtaalamu wa mambo ya kale, ameletwa achimbe aseme kama msikiti ulikuwapo au la. Alikuja chumbani kwetu na mabuti yana tope.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Futa miguu."

Akarudi mlangoni akafuta. Maalim akamuwekea hati mbele yake, akampa na miwani ya kukuzia. Yustina hakujua kusoma herufi zile, akaitazama kwa adabu tu kisha akanisogezea mimi. Nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hati nzuri. Lakini hii inasema msikiti ulikuwapo siku ilipoandikwa. Udongo wangu mie haujui kusoma, Maalim. Utasema ulichonacho."

"Na ukisema hapana?"

"Nitaandika hapana."

Maalim akanigeukia mimi, mgeni akiwa pale pale. "Huyu wa wapi?"

"Wa Mwanakwerekwe," Yustina alijibu mwenyewe. "Babu zangu wametoka bara, mie nimezaliwa hapa. Kila nnapokwenda nnaulizwa kwetu nnarudi lini. Nnarudi saa kumi, nikishamaliza kazi."

Maalim Sleiman hakucheka, lakini nilimwona akivuta ndevu, na hiyo ndiyo ilikuwa dalili yake. Siku ile ile akaamua kwamba na mimi niende, nichukue nakala ya hati, nikae na Yustina huko shamba. Alisema mmoja achimbe na mmoja asome, asije mmoja akamdanganya mwenzake.

Tulifikia kwa Bi Mize, mjane aliyesuka mikeka, ulimi mkali, na ndiye aliyewaongoza wanawake wa kijiji kila walipokisafisha kisima. Alitupa chumba kimoja na kitanda kimoja cha kamba, akasema mtalala mzungu wa nne, kichwa chako miguuni pa mwenzako, na asilalamike mtu. Chumba kilikuwa cheupe kwa chokaa, boriti za mikoko juu, dirisha dogo linatazama uani kwenye jiko. Ule uani nimeuota mara nyingi kuliko nyumba niliyozaliwa. Asubuhi tulikunywa chai ya mchaichai kwa muhogo wa kuchemsha. Mchana palikuwa na bada, ugali wa muhogo, na mchuzi wa pweza, tumekaa mkekani tunamega kwa sahani moja, na Bi Mize akimsukumia Yustina vipande vya pweza upande wake kwa kidole, kimya kimya, kama hamtazami. Siku ya kwanza alimuuliza, "Wewe, mwanangu, unasali wapi?"

"Kanisani, Bi Mize."

"Basi huko huko utuombee. Kiu haina dini."

Kazi ilianza kwa kicheko. Hati ilisema kwamba kutoka kisimani mpaka msikitini ni mwendo wa mtu kubeba mtungi uliojaa bila ya kuutua. Mimi nilikuwa nimeyanakili maneno yale mjini bila kuyajali, nimeyaona ni maneno tu. Yustina yalimfurahisha kupita kiasi. Akawaomba wanawake wajaze ndoo, wajitwishe, watembee kutoka kisimani kwa mwendo wao, na kila mmoja atue pale shingo inapomwambia tua. Nnawaona mpaka leo, kanga za rangi zote katikati ya minazi, wanatembea taratibu wameshika ndoo kwa mkono mmoja, wengine wanaimba, wengine wanacheka hata maji yanawamwagikia usoni. Huyu akatua hapa, yule akatua pale. Bi Mize, kwa kiburi, akapita wote, akenda mpaka karibu na kichaka cha mkadi, na alipotua alikuwa hawezi kusema. Yustina akafunga ugwe kuzunguka pale walipotua wengi, akasema tutaanza hapa. Nilimuuliza kama ndivyo walivyomfundisha chuoni. Akaniambia chuoni walimfundisha kuchimba, kuuliza alijifundisha mwenyewe.

Jioni, tukirudi, alikuwa akinieleza mambo yale kwa maneno ya kawaida, mimi nikichomoa miiba miguuni. Alisema karatasi ni kinywa cha mtu aliyetaka kusikilizwa, ndiyo maana husema lile alilotaka tu. Udongo ni yale mtu aliyoyaacha bila kujua kama ameyaacha, mfupa wa samaki, kigae cha chungu, ushanga uliokatika. Ukisikiliza kimoja bila ya mwenzake, utapata nusu ya mtu. Nilikuwa msichana, maneno yale yalinipendeza kwa sauti yake tu, sikuyafikiria. Sasa mie mwenyewe ni bibi, na watoto wangu wakitaka kujua nilikuwaje, watasoma barua zangu na watafungua makabati yangu, na najua wazi hivyo viwili havitasema maneno mamoja.

Tuliikuta sakafu. Ilikuwa ya chokaa iliyosuguliwa ikawa laini, na vijana wa kijiji walioajiriwa kuchimba waliipangusa kwa mikono kama wanampapasa mtoto. Upande wa kibla sakafu ilitoka nje kidogo, mfano wa kiwiko, kama pa kusimamia imamu. Kijiji kizima kilikuja kutazama, wanaume wakaleta kahawa, mzee mmoja akalia. Yustina hakushangilia. Akaendelea kushuka pembezoni, siku baada ya siku, na kila tulipotarajia kuta tulikuta mtaro uliojaa mchanga tepetepe na vibanzi vya mawe, na chini yake hakuna kitu. Pande zote nne hivyo hivyo. Hapakuwa na ukuta, hapakuwa na hata jiwe moja. Akawa anazunguka kijijini mchana kutwa, akitazama kuta za nyumba za watu, mpaka wenye nyumba wakamuuliza kama anatafuta mchumba. Akirudi alikaa juu ya kitanda akiandika.

Maalim Sleiman alikuja kutoka mjini, amevaa kanzu yake nzuri, akijua anakuja kuona msikiti. Alisimama juu ya shimo muda mrefu. Ugomvi wenyewe ulikuja baadaye, uani kwa Bi Mize, mbele ya sahani ambazo hakuna aliyezigusa.

"Sakafu si hiyo?" alisema Maalim. "Na kitokeo si hicho upande wa kibla? Wataka nini tena?"

"Sakafu ya chokaa hata nyumba ya tajiri inayo," Yustina alisema. "Hicho kitokeo kinaweza kuwa mihrabu, kinaweza kuwa choo."

"Astaghafirullah!"

"Nisamehe, Maalim. Lakini ndivyo watakavyosema wao."

"Basi andika 'huenda'. Neno moja tu, binti. Huenda palikuwa na msikiti. Watu hawa wapumue."

"Nilichokiona nitakiandika. Ukuta sijauona, siuandiki. Wakija wakachimbua wenyewe wasiuone, watasema Yustina muongo, na hati yako nayo itakuwa shahidi wa muongo."

Maalim akauliza polepole, "Na watu hawa watakunywa ukweli wako?"

Bi Mize alikuwa amekaa mlangoni, mkeka wake mapajani, na mikono yake ilikuwa imesimama. Halafu akainuka akakusanya sahani. Kuanzia siku ile alitupikia kama kawaida, lakini pweza hakusukumwa tena upande wa mtu. Na mimi nilimchukia Yustina. Nnasema wazi. Nilimwona ni mtu wa vipimo na kamba, asiyejua kuwa wanawake wale wangeamka kila asubuhi kwenda kuomba maji kwenye lango la hoteli. Tulilala kitanda kimoja, miguu yake usoni mwangu, na sikutaka hata kumwambia aisogeze.

Ilikuwa mchana wa joto, baada ya chakula, kijiji kizima kimejinyoosha. Yustina amelala chali anatazama boriti. Mimi nimegeukia dirisha, nusu macho nusu usingizi, ule usingizi ambao maneno ya watu huingia ndani ya ndoto yakakaa humo. Uani akaingia Fatma, mkaza mwana wa Bi Mize, nikasikia anakunguta kitu.

"Mama, mkeka huu nnauchukua mie, nianikie dagaa. Wameutoa msikitini, umeshachakaa."

"Urudishe," alisema Bi Mize.

"Umetoboka, mama! Wameutupa nje wenyewe."

"Urudishe, nnakwambia. Cha msikiti hakiendi nyumbani kwa mtu. Kikichakaa hapa kitapelekwa msikiti mwengine, na kikikosa pa kwenda kitakaa pale pale kioze. Unataka laana, we mtoto?"

"Kwa dagaa?"

"Kwa dagaa, kwa kamba, kwa msumari. Hata jiwe! Toka nalo."

Fatma akaondoka akinung'unika. Mimi nikabaki pale, na lile neno likawa linazunguka kichwani polepole pamoja na nzi wa dirishani. Hata jiwe. Si kwamba nilikuwa silijui, nani Unguja asiyelijua? Nimelelewa nalo, nimekatazwa nalo kuokota hata ufagio uliovunjika wa msikitini. Lakini lilikuwa jambo la nyumbani, la mama na bibi, sikulichukua nikalipeleka shimoni. Nikainuka nikakaa.

"Shoga," nilisema. "Ulikuwa unatafuta nini kwenye kuta za watu?"

Yustina hakugeuza kichwa. "Mawe. Ile mitaro haikuchimbwa na sisi kwanza, Zuwena. Kuna watu walipita zamani wakang'oa kuta mpaka kwenye msingi, ndiyo maana mna mchanga tepetepe. Kila mahali duniani watu wakiona jumba bovu huchukua mawe wakajengee nyumba zao. Vile vibanzi ni vya jiwe la bahari, lile tumbawe laini wanalolichonga likiwa bichi. Nikasema nikiliona ukutani kwa mtu, nimepata msikiti. Nyumba zote nimezitazama. Zote mawe ya shamba. Hakuna jiwe moja la bahari, hata kwenye choo. Basi nikajua hapakuwa na kitu."

"Hayawezi kuwa majumbani," nilisema. "Kama yalikuwa ya msikiti hayawezi. Hakuna mtu wa hapa angeyatia nyumbani kwake, angeogopa. Watu walihama, Yustina, kijiji kimesogea. Mawe ya msikiti yanakwenda kwenye msikiti."

Aligeuka sasa. Nikaona uso wake unabadilika kidogo kidogo. Alikuwa anajua yote ya udongo, na hili hakulijua kwa sababu hakulelewa nalo. Mimi nililelewa nalo, na udongo sikuusoma. Tulikaa juu ya kitanda kile cha kamba tunatazamana mfano wa watu waliogongana vichwa gizani, na nje ikaanza adhana ya alasiri.

Msikiti wa kijiji ulikuwa mdogo, mnene, umepakwa chokaa juu ya chokaa mpaka pembe zake zimekuwa za mviringo. Kila mtu alijua kwamba ni wa zamani, wa wazee, na hakuna aliyeuliza zaidi. Imamu na wazee walikaa wakazungumza sana kabla ya kukubali mihrabu yao ikwanguliwe, na Yustina aliwaambia mapema kwamba yeye hataingia, asije mtu akasema wakfu umeokolewa kwa kuvunjiwa heshima. Akwangue nani, basi? Akatazamwa Maalim Sleiman, aliyerudi kutoka mjini kwa kuitwa, ambaye maisha yake yote hakuwahi kushika chochote kizito kuliko kalamu. Akapewa mwiko mdogo wa Yustina. Yustina akasimama nje, dirishani, akishika vyuma, na mimi nikasimama nyuma yake.

"Taratibu, Maalim! Usichokoe. Laza mwiko, uvute kwako."

"Nnavuta! Usinipigie kelele, mie si fundi wako."

"Umeona nini?"

"Chokaa."

"Na sasa?"

"Chokaa, binti. Ina ndugu zake nyuma yake."

Wazee ndani walicheka, na imamu akasema tumsalie Mtume. Chokaa ilianguka vipande vipande juu ya gazeti lililotandikwa. Halafu Maalim akanyamaza, na nikamwona akinyoosha kile kidole chake juu, bila kuinua kichwa. "Pana nakshi," alisema. "Jiwe jeupe, laini, lina vitundu vidogo. Limechongwa kamba yenye majani. Inapanda juu... inapanda... subiri." Akaliinamia mpaka pua ikagusa. "Hapa inakwenda kinyume. Kamba imepanda vizuri, jiwe moja imegeuka inashuka, jiwe la juu yake inapanda tena. Sasa huyu fundi alikuwa na usingizi?"

Yustina alipiga kelele, sijui ndege wa aina gani analia hivyo. "Limepinduliwa! Maalim, jiwe hilo limepinduliwa! Halikuchongwa hapo, lilichongwa kwengine likaja likapangwa upya, na aliyelipanga alilitia kichwa chini!" Alikuwa analia na kucheka, anavipiga vile vyuma kwa kiganja. Kisha akaingiza mkono dirishani akampa ugwe wake wenye fundo, alioupima kwenye kile kitokeo cha sakafu kule kiwanjani. Maalim akaushika upande mmoja, imamu upande wa pili, wakaunyoosha ndani ya mihrabu kutoka ukuta hadi ukuta. Fundo likagusa jiwe, upana ule ule. Maalim akakaa chini, kanzu nzuri, juu ya vumbi lote lile. Kwa nini watu wale walihama, bahari iliwasogeza au ugonjwa, karatasi haikusema na udongo haukusema. Lakini waliubeba msikiti wao jiwe kwa jiwe, wakaacha nyuma shimo tupu, na wasingaliweza kutuachia ushahidi bora.

Bwana wa ile ofisi alikuja kusikiliza, mtu wa makamo, mpole kwa kweli, amevaa kofia ya kiua na amekunja ramani mkononi. Walikaa wote kwenye uwanja mbele ya nyumba ya sheha, ambaye ndiye mkubwa wa kijiji, wanaume mbele na sisi wanawake nyuma. Yustina akaeleza mitaro, vibanzi, jiwe lililopinduliwa, ugwe. Maalim akasoma hati. Walipokezana vizuri, mmoja akiishia mwengine anaanza, na nilijivuna kana kwamba nimewazaa mimi. Yule bwana akasikiliza yote, akatikisa kichwa. Alisema hayo ni maneno ya wataalamu, ya kwenye vitabu. Alisema ripoti ya Bi Yustina yenyewe inakiri kuwa kiwanjani hakuna ukuta. Wakfu ni wa msikiti na kisima chake, na yeye kisima anakiona, mashimo anayaona, msikiti hauoni. Nilimtazama Yustina na nikaona ameinamisha kichwa, maana alichokisema yule bwana aliandika yeye.

Bi Mize aliinuka kule nyuma. Hakuitwa. Alijifunga kanga yake vizuri, akapita katikati ya wanawake mpaka mahali anapoweza kuonekana.

"Mwanangu," alisema, "samahani. Ile Ijumaa uliyokuja na watu wako kupima kiwanja, ulisali?"

Yule bwana alishangaa kidogo. "Nilisali, mama. Alhamdulillahi."

"Ulisali wapi?"

"Hapa kwenu. Hapo msikitini."

"Ulitawadha?"

"Nilitawadha, mama, kwenye birika lenu."

"Maji ya birika lile huwa tunayateka kisima cha Mwanakheri, tunayabeba kichwani kila Ijumaa, mama zetu waliyabeba na bibi zetu waliyabeba. Ulitawadha maji yake, ukaingia ndani ya msikiti wake, ukasujudu mbele ya mawe yake. Halafu ukatoka, ukavaa viatu, ukenda kupima pa kumuuzia mtu." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Sasa msikiti unautafuta wapi tena, mwanangu?"

Yule bwana alitazama mikono yake mwenyewe. Kisha akaiweka ramani juu ya meza ya sheha, akaomba kalamu, na tukamwona, sote, anakizungushia mstari kile kiwanja, kisima na minazi yake, na pembeni anaandika wakfu.